Chai Isimwagike: Namna ya Kuipima Treni ya Abiria ya Mezani

Treni ya mizigo ikishtuka njiani, makaa ya mawe hayaumii. Treni ya abiria ni jambo jingine. Ndani yake kuna mtu amelala, kuna mtoto kasimama kwenye ujia, kuna mhudumu anapita na birika. Kwa hiyo nikialikwa kutazama meza ya reli ya mtu, au nikitumiwa video yake, huanza na swali hili: je, chai ya abiria aliyeketi kwenye behewa la chakula ingemwagika? Vipimo vyote vinavyofuata vinatoka hapo.

Mfano wangu ni California Zephyr, treni ya Marekani iliyosafiri kati ya Chicago na Oakland tangu 1949 hadi 1970. Ratiba yake ilipangwa ili abiria wavuke milima ya Rocky na korongo la mto Feather mchana, na matano kati ya mabehewa yake yalikuwa na kuba la vioo juu ya paa ili wajionee mandhari. Wapenzi wengi huitengeneza kwa kipimo cha HO, yaani 1:87, kinachotumika kuliko vyote duniani.

Mwendo

Weka alama mbili kando ya reli, ziachane mita moja, kisha hesabu sekunde. Katika 1:87, treni inayopita mita hiyo kwa sekunde tatu inakwenda takriban kilomita 100 kwa saa. Ikiipita kwa sekunde moja, hiyo ni zaidi ya kilomita 310 kwa saa: mwendo wa Shinkansen ya Japani, si wa treni ya dizeli ya 1949 inayopanda mlima. Hakuna kosa lililoenea kama hili, na ni rahisi kulirekebisha kuliko yote, kwa kuwa halidai hata senti. Treni inayokaribia kituo inapaswa kutumia sekunde nane au zaidi kwa mita hiyo hiyo.

Kuondoka na kusimama

Hapa ndipo fundi hasa anapojulikana. Kichwa cha treni cha mfumo wa kidijitali, DCC, kina kifaa kidogo ndani kinachopokea amri kupitia reli zenyewe. Kifaa hicho kina namba za kupangia tabia ya kichwa: CV3 huamua kinavyoongeza mwendo, CV4 kinavyopunguza. Zikiachwa chini mno, kichwa huruka kama kilichosukumwa. Zikipangwa vizuri, treni huanza kujongea kiasi kwamba hujui ni lini hasa imeondoka.

Usikodolee macho kichwa. Tazama behewa la mwisho. Likivutwa kwa mshtuko wakati wa kuondoka, au likisukumwa mbele wakati wa kusimama, abiria wa nyuma wameshapata taabu. California Zephyr ilivutwa na vichwa kadhaa vilivyounganishwa, na mwenye kuiga hivyo lazima avilinganishe mwendo kimoja kimoja, la sivyo kimoja kitavuta huku kingine kinaburuzwa. Treni ikifika, angalia iliposimama. Milango ikiwa mbele ya jukwaa, dereva alijua anachokifanya.

Uzito

Behewa jepesi hutikisika kwenye kila kiungo cha reli, na hilo huiondolea treni heshima yake papo hapo. NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa treni za mfano, kinapendekeza kwa HO aunsi moja, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Kwa behewa la sentimita 30 hiyo ni takriban gramu 200. Uzito uwekwe chini kabisa, sakafuni. Ukiwekwa juu, behewa hulewalewa kwenye kona.

Kona

Mabehewa marefu ya Marekani yalikuwa na futi 85, sawa na karibu sentimita 30 mezani. Reli za seti za kuanzia huwa na kona ya nusu kipenyo cha sentimita 46 hivi. Behewa refu likipita hapo, tumbo lake huingia ndani ya kona na ncha zake hutokeza nje, hadi baina ya mabehewa kunabaki pengo wazi. Sasa jiulize: abiria angewezaje kuvuka kwenda kula? Kwa mabehewa ya urefu huu, sentimita 76 ni mahali pa kuanzia, na ukifika mita moja na kitu jicho linatulia. Asiye na nafasi afiche kona kali nyuma ya kilima, kamera iwekwe upande wenye reli iliyonyooka.

Mpangilio wa mabehewa

Mjuzi husoma treni kuanzia mbele hadi nyuma. California Zephyr ilitanguliwa na behewa la mizigo, yakafuata mabehewa ya viti yenye kuba, kisha behewa la vinywaji, la chakula, ya kulala, na mwishoni behewa la kutazamia mandhari lenye mkia wa mviringo. Mpangilio huo una sababu. Behewa la mizigo likikaa mbele, hakuna abiria anayelipitia, na behewa la chakula likikaa katikati, wa viti na wa vitanda wote hulifikia. Aliyepachika behewa la mizigo katikati amewazibia watu njia.

Taa nazo zichunguzwe. Zikipepesa treni ikipita mahali reli zinapogawanyika, magurudumu ni machafu au behewa linahitaji kapasita ya kuhifadhi umeme kidogo. Na zisiwe kali. Behewa la kulala usiku halipaswi kuwaka kama duka la simu.

Video

Kamera haina huruma. Vumbi ambalo jicho hulisamehe, yenyewe hulikuza. Video nzuri naipima kwa mambo manne.

Kwanza, kimo cha lenzi. Mtu mzima katika 1:87 ana urefu wa sentimita mbili tu, basi lenzi ishuke hapo. Simu ikipinduliwa kichwa chini, lenzi hukaribia ardhi kabisa. Treni ikitazamwa kutoka juu, tunaona meza. Ikitazamwa kutoka chini, tunaona treni.

Pili, utulivu. Kamera isimame, treni iingie, ipite yote, itoke. Kuikimbiza treni kwa mkono huonyesha mara moja udogo wa dunia yake.

Tatu, uangavu wa picha kutoka mbele hadi nyuma. Mandhari yenye ukungu humwambia mtazamaji kwamba kitu ni kidogo. Sensa ndogo ya simu husaidia hapa, ila zima kabisa hali inayofifisha mandhari.

Nne, mwanga. Jua ni moja, kwa hiyo taa kuu iwe moja na vivuli vielekee upande mmoja. Funga fokasi na mwangaza visibadilikebadilike treni inapopita. Penye umeme wa hezi 50, kama Kenya na Tanzania, shata ya 1/50 au 1/100 huzuia taa za nyumba kupepesa kwenye picha.

Kwa anayetaka treni ya kwetu

Vipimo ni hivi hivi. Geji, yaani upana wa reli, ya SGR, reli ya kisasa ya Kenya na Tanzania, ni milimita 1435; ikigawanywa kwa 87 inatoa reli ya HO ya milimita 16.5. Reli ya kati ya zamani ya Tanzania, ya milimita 1000, na Tazara, reli ya Tanzania na Zambia, ya milimita 1067, zote mbili huangukia karibu na reli ya milimita 12, inayotengenezwa kwa ajili ya wapenzi wa treni za milima ya Uswisi. Kazi kubwa itakuwa mabehewa.

Hukumu

Makosa hayalingani uzito. Rangi iliyokosewa kidogo naisamehe, na mabehewa machache kuliko ya treni halisi nayasamehe kabisa, mradi yaliyobaki ni yale yanayoitambulisha. Mshtuko wa kuondoka siusamehe. Mwenye mabehewa matano yanayofika kituoni kwa utulivu amemshinda mwenye kumi na mawili yanayorukaruka, na pesa yake ya kwanza aitumie kwenye kichwa kizuri na kona pana kabla hajanunua behewa la sita.