Torati, Wema na Mwanafunzi: Uhakiki wa Msamiati wa Maadili katika Tafsiri za Biblia ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna tafsiri za Biblia ya Kiswahili zinavyoteua maneno ya kutajia sheria ya maadili, wema wa mtu na uhusiano wa mwamini na Kristo. Data kuu imetoka katika tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, nayo inalinganishwa na tafsiri ya Karl Roehl ya mwaka 1937 na ile ya Habari Njema. Inadaiwa kwamba kubadilishana kwa maneno "sheria" na "torati" katika Waraka kwa Warumi, ambako husemwa kuwa ni uzembe, kuna utaratibu wa kisarufi. Hata hivyo, utaratibu huo humgharimu msomaji wa Kiswahili. Makala yanahitimisha kwamba neno linalounganisha vizuri zaidi sheria, wema na ufuasi ni "mwanafunzi", likichukuliwa kwa maana yake pana ya malezi.

1. Utangulizi

Maadili ya Kikristo yana swali ambalo halijapata kuzeeka: je, mwema ni yule anayeshika sheria, au ni yule aliyejengeka tabia fulani, au ni yule anayemfuata mtu fulani? Wanateolojia wamelijibu kwa njia nyingi. Msomaji wa kawaida wa Kiswahili hakutani na majibu hayo kwanza. Anakutana na maneno. Mkatekista, mzee wa kanisa au mwanakwaya anapoisoma barua ya Paulo, teolojia ya sheria inamfikia ikiwa imeshapita katika uamuzi wa mfasiri kuhusu nomino, viambishi na vitenzi. Kwa sababu hiyo, uhakiki wa msamiati huo ni suala la isimu na fasihi kwa kiwango kilekile ambacho ni suala la imani.

Uhakiki mwingi wa tafsiri hizi umejikita katika asili ya maneno: lipi ni la Kibantu na lipi ni la Kiarabu. Swali hilo lina historia yake. Roehl alijitahidi kupunguza maneno ya asili ya Kiarabu, ndiyo maana kwake manabii ni "wafumbuaji" na torati ni "Maonyo". Lakini asili ya neno haitoshi kueleza kazi linayoifanya katika sentensi. Makala haya yanaangalia kazi hiyo.

2. Sheria na torati: utaratibu uliofichika

Msomaji makini wa Waraka kwa Warumi katika tafsiri ya Muungano hugundua upesi kwamba neno moja la Kigiriki, "nomos", limefasiriwa kwa maneno mawili, tena mara nyingine ndani ya aya moja. Katika Warumi 7:7 neno hilo linatokea mara tatu: mara mbili ni "torati", mara moja ni "sheria". Katika 2:14 linatokea mara nne: mara tatu ni "sheria", mara moja ni "torati". Katika 3:21 yapo yote mawili, moja kila upande wa sentensi. Ni rahisi kudhani kwamba wafasiri walisahau walichoandika mstari uliotangulia.

Ulinganishi na matini ya Kigiriki unaonyesha jambo jingine. Katika aya hizo tatu, kila "nomos" inapotanguliwa na kibainishi, Kiswahili kinasema "torati"; kila inapokosa kibainishi, Kiswahili kinasema "sheria". Mfano mzuri ni 2:14, ambako mara moja tu neno hilo lina kibainishi, na ni mara hiyo tu "torati" inatokea. Kiswahili hakina kibainishi cha aina hiyo. Badala ya kutumia kivumishi kioneshi kama "ile", wafasiri wameubeba ujulikano kwa uteuzi wa leksimu: sheria iliyo mahususi imepewa jina mahususi. Ni suluhisho la kiisimu lililofikiriwa, si uzembe.

Utaratibu huo una mipaka. "Nomos" inapofuatwa na kijalizo cha umilikishi, kama katika sheria ya Mungu, sheria ya Roho au sheria ya dhambi (7:22 hadi 8:2), "sheria" hutumika hata pale Kigiriki kinapokuwa na kibainishi. Hili nalo lina mantiki: torati ya dhambi isingeweza kusemwa kwa Kiswahili, kwa kuwa "torati" katika lugha hii ni jina la kitu kimoja tu.

Hapo ndipo gharama inapoanzia. Katika masikio ya mzungumzaji wa Kiswahili, hasa wa pwani, torati ni kitabu. Ni kitabu alichopewa Musa, kinachotajwa sambamba na Zaburi, Injili na Kurani. Wafasiri walipolichukua neno hilo kutoka katika mazungumzo ya Waislamu wa pwani, walilichukua pamoja na umbo lake la kitabu. Sasa katika 2:15 Paulo anazungumzia watu wa Mataifa ambao kazi ya "nomos" imeandikwa mioyoni mwao. Aya hii ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya fundisho la sheria ya asili katika Ukristo, yaani kwamba mtu ambaye hajawahi kusikia habari za Musa hana udhuru, wala hakosi mwanga. Neno lina kibainishi, basi kwa kufuata utaratibu limekuwa "torati". Matokeo yake ni kwamba msomaji anaambiwa kuwa asiyekijua kitabu amekuwa na kitabu moyoni. Sitiari hiyo ina nguvu, lakini inaielekeza akili kwa Wayahudi na maandiko yao mahali ambapo hoja ya Paulo inamgusa mtu yeyote, akiwemo babu wa msomaji huyohuyo aliyefariki kabla ya mmisionari wa kwanza kufika kijijini.

Tena, msingi wenyewe wa utaratibu huo una utata. Origen, mfafanuzi wa karne ya 3, aliwahi kudokeza kwamba kibainishi humsaidia msomaji kuitambua sheria ya Musa. Wafafanuzi wengi wa siku hizi hawaoni kwamba Paulo aliifuata kanuni hiyo bila kuteleza. Tafsiri ya Muungano, kwa hiyo, imeligeuza pendekezo la ufafanuzi kuwa ukweli wa kileksika, na msomaji wa Kiswahili hana njia ya kuona kwamba penye maneno mawili palikuwa na neno moja.

Habari Njema imelirudisha neno kuwa moja: ni "Sheria", kwa herufi kubwa, na mara nyingi imeongezewa jina la Musa. Umoja umepatikana, lakini tatizo limehamishwa tu, halijaondolewa. Herufi kubwa haisikiki neno linaposomwa kwa sauti kanisani, na "sheria" kwa msikilizaji wa leo ni jambo la bunge, mahakama na polisi. "Maonyo" ya Roehl, ambayo wengi waliyaona ya ajabu, angalau yalikumbusha kwamba sheria hii ni sauti ya anayeonya kabla ya kuwa rungu la anayeadhibu.

3. Tabia na dhamiri

Aya hiyohiyo ya 2:14 ina neno jingine lenye uzito. Paulo anasema watu wa Mataifa hutenda mambo ya sheria kwa "physis", yaani kwa asili yao. Tafsiri ya Muungano inasema "tabia". Kwa asili yake ya Kiarabu neno hili linahusu umbile la mtu, jinsi alivyoumbwa. Katika Kiswahili cha leo, tabia ni mwenendo uliozoeleka: kuna tabia njema na tabia mbaya, na tabia hufundishwa, huigwa, hubadilishwa. Matini haijabadilika, ni lugha iliyosogea chini yake, na sasa msomaji anaelewa kwamba watu wa Mataifa hutenda mema kwa sababu ya mazoea.

Kosa hilo la usomaji lina mafunzo. Mapokeo ya falsafa tangu Aristotle yanatofautisha kile mtu alichozaliwa nacho na kile alichokijenga kwa kurudiarudia matendo. Wema wa tabia umo katika kundi la pili. Kiswahili kimeyaweka yote mawili katika neno moja. Habari Njema imelikwepa tatizo kwa kusema "dhamiri". Ila dhamiri inatajwa na Paulo mwenyewe katika aya inayofuata kama shahidi wa jambo hili. Ikiwa dhamiri imekwisha kuwa kiongozi katika 2:14, ushahidi wake katika 2:15 ni wa mtu anayejishuhudia mwenyewe. "Maumbile" lingetosha, na lingeiacha dhamiri katika kazi yake.

4. Wema, fadhila na uadilifu

Neno la Kigiriki "arete" ni adimu katika Agano Jipya. Katika Wafilipi 4:8 na 2 Petro 1:5 tafsiri ya Muungano inasema "wema". Uteuzi huo ni wa asili na ni mwepesi kueleweka, lakini mazingira ya neno hilo katika matumizi ya kila siku yanalibana. Wema hutendwa. "Tenda wema nenda zako", husema wahenga, na "wema hauozi". Katika methali zote mbili wema ni tendo lililokwisha kumtoka mtu na kwenda kwa mwingine. "Arete" ni jambo linalobaki ndani ya mtu hata akiwa amelala.

Kanisa Katoliki kwa upande wake limeimarisha istilahi "fadhila". Imani, matumaini na mapendo ni fadhila za kimungu. Busara, haki, nguvu na kiasi ndizo fadhila kuu za kiutu. Neno hili nalo lina mahusiano yake mitaani. Fadhila hulipwa, husahauliwa, na wakati mwingine hurudishwa vibaya: fadhila za punda ni mateke. Asiye na fadhila si mtu asiye na tabia njema kwa jumla. Ni asiye na shukrani. Kwa fadhila za kiutu, ambazo hujengwa kwa mazoezi, upotofu huu ni mkubwa. Kwa fadhila za kimungu, hata hivyo, neno limefanya kazi ambayo pengine haikukusudiwa. Mapokeo yanafundisha kwamba imani, matumaini na mapendo hayapatikani kwa bidii ya mtu bali hutolewa na Mungu. Mkristo anayesikia "fadhila" anasikia wakati uleule hisani aliyofanyiwa na deni la shukrani linalobaki. Katika hili Kiswahili kimefafanua fundisho vizuri kuliko istilahi iliyokuwa inafasiriwa.

Je, lugha ilikosa neno la hali ya kudumu? Mwaka uleule wa 1952 Shaaban Robert alichapisha Adili na Nduguze, ambamo mhusika mkuu anaitwa Adili na nduguze wanaitwa Hasidi na Mwivu. Majina hayo hayataji matendo. Yanataja watu walivyo. Uadilifu ulikuwepo katika fasihi ya Kiswahili kama sifa iliyoota mizizi katika nafsi, na mwandishi Mwislamu kutoka Tanga aliutumia bila kuhitaji maelezo. Kwamba wafasiri wa Biblia hawakuuchukua kwa "arete" kunaweza kutetewa, kwa kuwa uadilifu huegemea upande wa haki. Lakini kunaonyesha pia jinsi tafsiri ya maandiko na fasihi ya wakati wake zilivyopishana njiani bila kuamkiana.

5. Mwanafunzi na mfuasi

Kwa "mathetes" tafsiri ya Muungano na Habari Njema zote zimelibakiza neno "mwanafunzi". Katika mahubiri na vitabu vya siku hizi yapo malalamiko kwamba neno hili limekuwa la shule mno, na "mfuasi" na "ufuasi" yamependekezwa badala yake. Pendekezo hilo lina mvuto kwa sababu ya kitenzi "-fuata". Kiswahili kinakitumia kwa kutembea nyuma ya mtu na kwa kuiga mwenendo wake, maana mbili ambazo Kigiriki kimezigawa kwa vitenzi viwili. Tena kinakitumia kwa sheria. Tofauti kati ya mshika sheria na mfuasi wa Kristo imo katika silabi moja: kuifuata na kumfuata. Kiambishi cha yambwa ndicho kinachoamua kama mtu yuko nyuma ya kanuni au nyuma ya nafsi iliyo hai. Katika kisa cha kijana tajiri (Mathayo 19) tafsiri ya Muungano imeilinda tofauti hiyo: amri "hushikwa", Yesu "hufuatwa".

Pamoja na hayo, "mfuasi" lina kasoro. Chama kina wafuasi, mgombea ana wafuasi. Mfuasi anaweza kuhama kesho, naye hadaiwi kubadilika. "Mwanafunzi" linadai zaidi. Ndani yake mna "mwana" na mna "-funza", na methali inayosema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu haizungumzii ubao na chaki, inazungumzia malezi. Mwanafunzi kwa maana hiyo ni mtoto aliye mikononi mwa anayemlea hadi awe mtu.

Hapa msamiati wa sheria unarudi. Katika Wagalatia 3:24 Paulo anaifananisha sheria na "paidagogos", mtumwa aliyemchunga mtoto na kumpeleka kwa mwalimu. Habari Njema inasema "mlezi". Muungano inasema "kiongozi". "Mlezi" lina joto, lakini linaipa sheria kazi yote ya kulea, na halimwachii mwalimu kitu. "Kiongozi", kwa maana yake ya zamani ya anayemwonyesha mwingine njia, linaiweka sheria mahali pake: inamshika mtoto mkono hadi mlangoni, kisha inamkabidhi. Mtoto huyo anapoingia ndani, jina lake ni mwanafunzi.

6. Hitimisho

Tafsiri ya Muungano imeonekana kuwa na utaratibu zaidi ya inavyosifiwa na kuwa na gharama zaidi ya inavyolaumiwa. Mgawanyo wa "sheria" na "torati" ni kazi ya mafundi, lakini katika Warumi 2:15 umemweka mbali msomaji aliyepaswa kuwa karibu. Toleo la baadaye lingefanya vyema kuisoma aya hiyo upya, kurudisha "maumbile" pale "tabia" ilipohama, na kutolitupa "mwanafunzi" kwa kosa la shule. Vyuo vinavyofundisha tafsiri na vinavyofundisha teolojia kwa Kiswahili vina data moja mbele yao, na hadi sasa kila kimoja kinaisoma peke yake. Matokeo hayabaki darasani: msikilizaji wa Jumapili anayedhani kwamba sheria iliyo moyoni mwake ni kitabu cha watu wengine amefikishwa hapo na uamuzi wa kisarufi, na uamuzi wa kisarufi unaweza kuangaliwa tena.