Subira ya Msasa

Nyakoe, kwenye barabara ya Kisii kwenda Kisumu, kama kwingine Gusii, mila iliwapa vijana waliotahiriwa kazi mbili ndogo wakiwa wametengwa nyumbani: walinde moto usizimike, na watunze nyasi iitwayo esuguta isinyauke. Kisu kilipita mara moja tu. Utu uzima ulikuja polepole, kwa kuchochea kuni na kumwagilia majani.

Esuguta hunijia akilini kila ninapotazama mawe ya sabuni yakichongwa Tabaka, kusini-magharibi mwa mji wa Kisii. Jiwe huchimbwa kwa mkono na kuchongwa lingali na unyevu wa ardhini, maana likikauka huwa gumu zaidi. Panga hulipasua, kisha kisu kinatafuta shingo ya ndege. Wageni hupiga picha hapo. Mimi hutazama beseni.

Kinyago kikitoka kwenye kisu huwa kimefifia, kimejaa vumbi na mikwaruzo. Wanawake huketi na beseni la maji na msasa. Huanza na msasa mkali, wakasuuza, wakachukua ulio laini zaidi, wakasugua tena palepale. Kidole gumba hupita juu ya jiwe kutafuta mkwaruzo ambao jicho limeukosa. Kikiupata, kazi inarudi nyuma hatua moja bila malalamiko. Maji yanageuka meupe kama maziwa, na rangi iliyojificha, ya waridi au kahawia, inajitokeza. Halafu jua, halafu nta na kitambaa.

Mwaka 2010 msanii Marina Abramović aliketi kimya katika jumba la sanaa la MoMA, New York, kwa karibu miezi 3, wageni wakija mmoja mmoja kuketi mbele yake. Namheshimu kwa hilo: alijua kwamba tendo likirudiwa kwa uangalifu humgeuza mtendaji na mtazamaji. Tabaka elimu hiyo iko mikononi, na kutoka huko mchongaji Elkana Ong'esa alifikisha ndege wake wa mawe hadi makao makuu ya UNESCO, Paris.

Lakini kinyago kikipewa jina la mtu, huwa la mchongaji. Aliyesugua hatajwi, ingawa bila yeye jiwe lingebaki vumbi lenye umbo. Natamani chini ya kila kinyago yaandikwe majina mawili, na la mwenye msasa lianze.