Mtu wa Mbele Usiku wa Kibo

Saa tano na nusu usiku katika kambi ya Kibo, mlimani Kilimanjaro, kiasi cha mita 4,700 juu ya usawa wa bahari, hakuna aliyepata usingizi wa maana. Chai ya tangawizi na biskuti zinapitishwa, wageni wanavaa nguo juu ya nguo, na mwongozaji mkuu anashughulika na mambo madogo ambayo asiyeijua kazi hii atadhani ni kupoteza muda. Anageuza chupa za maji kichwa chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu, na chupa ikiwa imepinduliwa barafu itakaa kwenye kitako na mdomo utabaki wazi. Anaagiza betri za akiba ziwekwe mfuko wa ndani kabisa, karibu na mwili, maana baridi huziua. Halafu anasimama na kutazama mikono. Mgeni anayehangaika na kamba za buti zake, au aliyesahau glovu moja kitandani, hasemwi neno. Anawekwa tu nafasi ya pili katika mstari, nyuma ya mwongozaji mwenyewe.

Kisha taa za kichwani zinawashwa, na saa sita usiku msafara unaondoka.

Ukiwauliza wageni kwa nini mlima huu hupandwa usiku, wengi watakwambia ni ili wawahi jua likichomoza. Hiyo ni sababu ya wapiga picha. Ukuta wa Kibo upande huu umejaa kokoto na majivu ya volkano, na usiku baridi huzigandisha zikashikana. Jua likizipiga zinalegea, na mpandaji anarudishwa nyuma karibu kila anapokanyaga. Tena mawingu hupanda kutoka msituni kadiri siku inavyopata joto, na mara nyingi mchana kilele hakionekani. Zaidi ya hayo, aliyefika juu bado anadaiwa safari ya kushuka hadi Horombo, mita 3,720, siku hiyo hiyo. Ukihesabu saa hizo zote kurudi nyuma unajikuta usiku wa manane. Siku hizi wapo wanaoondoka kuelekea alfajiri ili kuepuka msongamano, nami sioni ubaya, ila giza nalo lina msaada wake: linauficha mlima. Mgeni anayeteremka mchana hutazama ule ukuta na kuuliza kama kweli ndiko alikopitishwa.

Maneno “pole pole” kila mpandaji huyasikia tangu siku ya kwanza getini, na mjini Moshi yanauzwa yakiwa yamechapwa kwenye fulana. Yamezoeleka mno hata ufundi uliomo ndani yake hauonekani. Kwenda polepole kila mtu anaweza. Kazi ni kwenda polepole kwa mwendo uleule mmoja, saa tano au sita mfululizo, katika hewa ambayo kileleni msongamano wake ni karibu nusu ya ule wa pwani, huku nyuma yako kuna watu wanane wasiolingana miguu wala mapafu. Mtazame mwongozaji mzuri kwa nyuma. Hatua yake ni urefu wa buti moja, pengine pungufu. Kabla ya kuhamia mguu wa mbele, goti la mguu wa nyuma linanyooka, uzito unatua kwenye mfupa badala ya msuli, na hapo, kwa muda mfupi sana, mguu unapumzika. Halafu hatua nyingine. Mabega hayapandi wala kushuka. Anatembea kama aliyejitwika ndoo ya maji iliyojaa pomoni.

Njia yenyewe inakata ukuta kwa kona nyingi, kushoto na kulia, na ni kwenye kona ndipo utamtambua fundi. Asiye na uzoefu akishakata kona huendelea na kasi yake. Aliye mkiani, ambaye bado anahangaika kugeuka, anaachwa hatua tatu, anakimbia kuziba pengo, na kukimbia kidogo kwenye mita 5,000 ni gharama ambayo mwili hauilipi haraka. Kona kumi za namna hiyo na mtu amekwisha. Mwongozaji mzuri anapunguza mwendo anapomaliza kona, anasubiri mstari wote upinde, kisha anarudia mwendo wake wa kawaida. Hakuna anayegundua kwamba amesubiriwa.

Swali ni je, anajuaje yanayotokea nyuma yake gizani? Kwa masikio, kwanza. Fimbo za kutembelea zina mlio wake: zikigonga kwa mpangilio, mtu yuko salama, zikianza kuburuzwa, mikono imechoka, na miguu iko njiani kuchoka. Kikohozi kikavu ni cha vumbi na hewa baridi, hakimsumbui sana. Kikohozi chenye majimaji kinamfanya asimame papo hapo. Na aliyekuwa akiongea tangu kambini kisha akanyamaza, huyo naye anasikika, kwa kunyamaza kwake.

Anasoma pia kwa taa. Mwanga wa mtu wa pili humpiga mgongoni na kutupa kivuli chake mbele njiani. Kivuli kikikaa mahali pamoja, shingo ya aliye nyuma bado imenyooka. Mwanga ukishuka visiginoni, kichwa kimeinama. Ukianza kuyumba huku na huko, mtu anayumba. Yote hayo anayaona bila kugeuza kichwa, kwa kuangalia ardhi iliyo mbele ya miguu yake mwenyewe.

Macho yenyewe huko juu si ya kutegemewa. Jicho la binadamu huhitaji kama nusu saa kulizoea giza sawasawa, na taa moja kali ikilipiga usoni mazoea hayo yanafutika. Isitoshe, sehemu ya jicho inayopokea mwanga hutumia oksijeni nyingi, kwa hiyo hewa ikiwa nyembamba uwezo wa kuona usiku hupungua. Ndiyo maana waongozaji wakongwe hawapendi taa kubwa, na mwezi ukiwa mpevu huzizima kabisa. Katika usiku wa namna hiyo kokoto zinang’aa kijivu, kilele cha Mawenzi kinasimama cheusi upande wa mashariki, na chini kabisa taa za miji zinaonekana pale mawingu yanapoachia nafasi.

Pango la Hans Meyer, kwenye mita 5,150 hivi, ni kituo cha kupumzika. Kinakuwa kifupi kwa makusudi, kwani anayekaa dakika kumi kwenye baridi ya nyuzi kumi na kitu chini ya sifuri huinuka akiwa amekakamaa. Baada ya hapo inakuja ile saa ngumu, saa kumi alfajiri. Msisimko wa kuondoka umekwisha, mapambazuko bado yako mbali, na baridi inazidi. Hapa ndipo waongozaji huanza kuimba, na sauti zao hushusha kidogo uzito wa usiku. Ndipo pia wanapozungumza wao kwa wao, wa mbele na wa mkiani, juu ya hali ya kila mgeni: nani atafika, nani abebewe begi, nani atazamwe. Wanazungumza Kiswahili mbele ya watu wasiokielewa. Mpandaji Mtanzania huwanyima faragha hiyo, na nasikia wengine hukimbilia Kichaga.

Hawaulizi “uko sawa?” Swali hilo lina jibu moja tu mlimani. Wanauliza mambo yanayohitaji akili: mwanao wa kwanza anaitwa nani, jana jioni ulikula nini, leo ni siku gani. Anayechelewa kujibu, au anayejibu kwa ulimi mzito, anaombwa atembee hatua chache akiweka kisigino mbele ya vidole, mstari ulionyooka. Akipepesuka, huenda ubongo umeanza kuvimba kwa kukosa oksijeni. Na anayehema kwa nguvu hata akiwa amekaa huenda maji yanajaa kwenye mapafu. Tiba ya kwanza ya yote mawili ni kushuka, mara moja, hata kama kilele kimebaki nusu saa.

Kumwambia hivyo mtu aliyetumia akiba ya miaka ili afike hapo ni sehemu ya kazi ambayo mimi naiheshimu kuliko zote. Analia. Anatukana. Anataja kiasi alicholipa. Mwongozaji hanyanyui sauti. Anamkabidhi kwa msaidizi mmoja, anamfunga vizuri kofia, na wawili hao wanaanza kuteremka gizani wakati mstari unaendelea kupanda. Historia ya mlima huu nayo ina kurudi nyuma ndani yake. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, watu wa kwanza wanaojulikana kufika kileleni, waliufikia ukingo wa kreta Oktoba 3, 1889, wakaona muda na nguvu havitoshi, wakashuka. Kileleni walisimama Oktoba 6.

Ujuzi huu haupatikani kwa kozi peke yake. Leseni ya kuongoza hutolewa baada ya mafunzo na mitihani, lakini wengi walianza wakiwa wapagazi, wagumu kama wanavyojiita, wakabeba mizigo ya wengine kwa miaka kabla ya kuruhusiwa kutembea mkiani usiku wa kilele. Mkiani ndiko wanakojifunzia. Ukitembea nyuma ya watu wanane kwa misimu kadhaa unajua mtu huanza kuchokea wapi kabla yeye mwenyewe hajajua.

Kuhusu jua lenyewe sina mengi. Linachomoza kwenye saa kumi na mbili na nusu, upande wa Mawenzi, wakati wengi wako Gilman’s Point, kwenye ukingo wa kreta, au njiani kati ya hapo na kilele cha Uhuru, mita 5,895, na ni zuri kama wanavyosema. Kileleni watu hukaa kidogo tu, wanapiga picha kwenye ubao, wanageuka.

Kwa hiyo wewe unayepanga kupanda, ukikutana na mwongozaji kwa mara ya kwanza, usimuulize amefika kileleni mara ngapi. Muulize ni lini mara ya mwisho alimrudisha mgeni, na aliona dalili gani. Akikueleza kwa utulivu, mpe kazi. Na usiku ule akikuuliza jana ulikula nini, mjibu kweli.