Nyumba Iliyobaki Kwenye Hati ya Jirani

Anayepita Sinza au Tandika, Dar es Salaam, leo anaona fremu za maduka, bajaji na mabati. Shamba halioni. Lakini mitaa mingi ya Kinondoni na Temeke imelala juu ya minazi, mikorosho na mihogo ya zamani, na mashamba hayo yalikuwa na nyumba zake: kuta za miti na udongo, paa la makuti, kisima uani. Nyumba ya namna hiyo isipoezekwa, masika machache yanatosha kuirudisha ardhini. Haiachi hata gofu. Ndiyo maana nawasifu wanaoitafuta kwenye makaratasi.

Kituo chao cha kwanza ni Nyaraka za Taifa, Upanga, ambako mafaili ya utawala wa Wajerumani yaliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Mgeni wa kazi huomba faili la nyumba. Mzoefu hujiuliza kwanza: nani alimdai mwenye nyumba, na lini? Kwa maana serikali haiandiki nyumba ya mtu kwa mapenzi. Amri ya Kaizari ya mwaka 1895 ilifanya ardhi yote isiyo na mwenyewe kuwa mali ya dola, na mwenye shamba akalazimika kuthibitisha lake. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza wakapima viwanja Magomeni, Temeke na Kinondoni. Miaka ya 1970 ikawa zamu ya Sinza na Kijitonyama. Kila hatua ilizaa madai, na madai ndiyo yanayozaa karatasi.

Karatasi zenyewe hazisomeki kirahisi. Kuna Kijerumani cha mwandiko wa kale, kuna Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na jina moja huandikwa kwa namna tatu. Tena usidhani mwenye minazi ndiye mwenye ardhi: kwa desturi ya pwani, ardhi yaweza kuwa ya huyu na miti ya yule.

Ufundi hasa uko kwenye mipaka. Hati za zamani za pwani hulitambulisha shamba kwa pande zake nne: upande wa kibla kuna shamba la fulani, upande wa bahari kuna njia, na kadhalika. Basi asiye na hati hata moja hutajwa kwenye hati za wenzake. Mtafutaji hukusanya za majirani, akazipanga juu ya ramani, na pale katikati pasipo na karatasi ndipo penye shamba analolitafuta. Kisha huenda kwa miguu. Minazi mitatu mikongwe iliyosimama mstari mmoja, ikikata mtaa mshazari, inamwambia kwamba ilipandwa kabla mpima viwanja hajafika. Wazee wa mtaa humpa majina, faili humpa miaka. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Ramani kuu za jiji, za 1949, 1968 na 1979, zilichorwa kuonyesha kitakachojengwa. Kilichoondolewa hakina ramani yake. Kina watafutaji hawa tu. Kwa hiyo hati ya shamba ya babu iliyo sandukuni, ipige picha kabla ya mchwa kuifikia, hata kama shamba lenyewe liliuzwa zamani. Huenda ndiyo mpaka pekee uliobaki wa nyumba ya mtu mwingine.