Mizani ya Hofu na Tamaa katika Khabari za Bitcoin

Mtu akaaye Bunia, mji wa Ituri mashariki mwa Kongo, hahitaji kufunzwa kwamba khabari ina bei. Katika mji huu, ambao dhahabu ya Kilo na ya Mongbwalu imepita mikononi mwa wanunuzi wake kwa muda mrefu, neno moja lililotoka njiani, kwamba barabara imefungwa au kwamba soko la ng'ambo limechangamka, aghalabu hufika kabla ya dhahabu yenyewe, na mfanyabiashara mwenye sikio hulipima neno hilo kabla hajaipima dhahabu. Kwa hiyo nilipoanza kuichunguza kazi ya wale waitumiao akili bandia kupima hisia zilizomo katika khabari za sarafu za kidijitali, niliiona kuwa ni kazi ileile ya sikio iliyokabidhiwa mashine, na swali langu likawa hili: mashine hiyo ingeisomaje khabari ya kwetu, iliyoandikwa kwa Kiswahili?

Khabari ya mfano ipo, tena ya jirani. Mwaka 2020 Hifadhi ya Taifa ya Virunga, chini ya mkurugenzi wake Emmanuel de Merode, ilianza kuutumia umeme wa maji wa Luviro, katika eneo la Lubero huko Kivu Kaskazini, kuendesha mashine za kuchimba bitcoin, mojawapo ya sarafu hizo, ili umeme uliokuwa haujapata wateja ulete fedha katika wakati ambao mapato ya utalii yalikuwa yamekatwa na vita na maradhi. Yeyote aliyeieleza khabari hiyo hakuweza kukwepa kuwataja walinzi waliouawa, makundi yenye silaha, Ebola na korona, misitu ikatwayo kwa makaa. Na katikati ya giza hilo lote akalieleza tumaini. Je, hiyo ni khabari njema au mbaya?

Njia ya kwanza iliyotumika ulimwenguni kujibu swali kama hilo ilikuwa ya kamusi: maneno mema yakaandikwa upande mmoja, mabaya upande wa pili, kompyuta ikahesabu, na tofauti ya hesabu hizo mbili ikawa ndiyo alama ya khabari. Upungufu wake ulidhihirishwa mwaka 2011 na wataalamu wawili wa Marekani, Tim Loughran na Bill McDonald, waliopima taarifa za makampuni na kukuta kwamba karibu robo tatu ya maneno yaliyohesabiwa mabaya kwa mujibu wa kamusi ya Harvard hayakuwa na ubaya wowote katika lugha ya fedha. Kwani kodi, gharama na deni, ambayo humhuzunisha mtu nyumbani kwake, katika daftari la kampuni ni mambo ya kila siku. Khabari ya Virunga ikitiwa katika mizani ya namna hiyo, vifo na silaha vitaufunika umeme na fedha, na alama itatoka nyeusi.

Na kwetu sisi wa Ituri liko neno moja linalostahili hadhari ya pekee, nalo ni kuchimba. Katika lugha ya sarafu hizi, kuchimba ni kazi ya kompyuta inayoshindana na nyingine kukisia tarakimu ili ipate haki ya kuandika ukurasa mpya wa daftari la pamoja la malipo, na ujira wake hulipwa kwa sarafu mpya. Lakini mashine iliyofunzwa kwa khabari za mashariki mwa Kongo, ambamo mgodi na mchimbaji hutajwa mara nyingi pamoja na shambulio, maporomoko na maiti, yaelekea itakuwa imejifunza kuliogopa neno hilo, na hofu hiyo itaihamishia kwenye khabari isiyohusiana na shimo wala jembe.

Ugumu wa pili ni wa sarufi, na huo ndio unaonishughulisha kuliko yote. Kiingereza aghalabu hukanusha kwa neno lililosimama peke yake. Kiswahili hukificha kikanushi tumboni mwa kitenzi. "Bei imeporomoka" na "bei haikuporomoka" zimeachana kama hasara na salama, ilhali programu ya mtindo wa zamani, ambayo kwanza hukwangua viambishi ili ibaki na mzizi upatikanao kamusini, hubaki na poromoka tupu katika sentensi zote mbili na kuzipa alama moja. Aliyeitengeneza hakukosa akili, alikosa Kiswahili.

Modeli za siku hizi, zilizofuata ile iitwayo BERT iliyotolewa na Google mwaka 2018, huenda njia nyingine. Modeli hupewa maandishi mengi ambamo maneno machache yamezibwa, ikatakiwa iyakisie kwa kuangalia yaliyo kushoto na kulia, na kwa makisio mamilioni hujifunza kwamba maana ya neno hutokana na majirani zake. Kisha hupewa sentensi zilizotiwa alama na binadamu, ikafunzwa hukumu. FinBERT ya mwaka 2019 ilifunzwa hivyo kwa khabari za fedha za Kiingereza. Kwa upande wetu, AfriBERTa ya mwaka 2021 ilifunzwa kwa maandishi ya lugha 11 za Afrika, Kiswahili kikiwamo, yasiyozidi gigabaiti moja, na ikathibitisha kwamba uchache wa maandishi si udhuru wa kutofanya kazi.

Lakini hukumu ya binadamu itoke kwa nani? Mradi wa AfriSenti, uliotolewa mwaka 2023, ulikusanya jumbe fupi za Twitter zaidi ya 110,000 katika lugha 14 za bara hili, na ujumbe ukawa unasomwa na wasemaji watatu wa lugha husika, kila mmoja akiamua kama ni wa hisia njema, wa hisia mbaya au wa katikati, na shauri la wengi likafuatwa. Kazi hiyo naitukuza. Hata hivyo sehemu ya Kiswahili ilikuwa jumbe kama 3,000 tu, tena za mambo ya kila namna, na msemaji wa Bunia, aitaye fedha falanga na kuchanganya Kifaransa na Kilingala katika pumzi moja, hawezi kutumaini kwamba sauti yake imehesabiwa humo. Ningependa watatu wasome khabari ya Luviro: mkulima wa Lubero, mlinzi wa hifadhi, na kijana mwenye bitcoin katika simu yake. Sidhani wangeafikiana, na ikhtilafu yao ni elimu ambayo shauri la wengi huifuta. Kwa hiyo ni afadhali mashine iulizwe hisia ni juu ya kitu gani, hifadhi, umeme au sarafu, na itoe alama mbalimbali.

Juu ya wakati nitasema kwa ufupi. Khabari nyingi za bitcoin husimulia bei iliyokwisha kupanda au kushuka, na mwenye kulinganisha hisia za leo na bei ya leo hujidanganya kuwa ametabiri. Alama ya leo sharti ipimwe kwa bei ya kesho. Hata kile kipimo mashuhuri cha hofu na tamaa, kitolewacho tangu mwaka 2018 kwa alama kuanzia 0 hadi 100, nusu ya mizani yake ni myumbo wa bei na nguvu ya soko lenyewe.

Lakini liko jambo lisilopimwa kwa hisia, nalo ni ukweli. Tarehe 9 Januari 2024, ilipokuwa hapa Bunia saa tano na dakika 11 za usiku, akaunti ya mtandaoni ya tume ya Marekani isimamiayo masoko ya dhamana ilitangaza kwamba mifuko ya bitcoin imeruhusiwa kuuzwa katika masoko ya hisa, na bei ikaruka kukaribia dola 48,000. Dakika 15 baadaye mwenyekiti wa tume, Gary Gensler, alitangaza kwamba akaunti imeingiliwa na kwamba hakuna idhini iliyotolewa, na bei ikashuka chini ya dola 46,000. Ujumbe ule wa uongo ulikuwa fasaha, wenye furaha, usio na neno la shaka, na modeli yoyote iliyofunzwa vyema ingeupa alama ya juu, wala isingekosea katika kazi iliyotumwa. Kesho yake, tarehe 10 Januari, tume hiyo ikatoa idhini ya kweli yenye maana ileile. Na mashine isiyojua ila maneno ingezipa khabari hizo mbili alama moja.