"Kugeuza" Video: Kitenzi Kimoja, Kazi Tatu

Katika miongozo ya Kiswahili ya matumizi ya kompyuta, mtu mwenye video fupi zilizopigwa kwa kamera za dijiti za miaka ya 2000 aghalabu huambiwa azigeuze, azibadilishe, au abadili umbizo la video hizo. Maneno hayo hayana kosa la sarufi. Kasoro ni kwamba kitenzi kimoja kimebebeshwa kazi tatu zisizofanana, na mojawapo haina marejeo.

Tuanze na kitu chenyewe. Nyingi za kamera hizo zilirekodi kwa mbinu iitwayo Motion JPEG: kila picha ya video ilibanwa peke yake, kama picha ya kawaida, kisha picha na sauti zikatiwa katika faili ya AVI, iliyoletwa na Microsoft mwaka 1992, au ya QuickTime, iliyoletwa na Apple mwaka 1991. Video ya pikseli 640 kwa 480, yenye picha 30 kwa sekunde, iliweza kula megabaiti 2 hivi kila sekunde. AVI na QuickTime, basi, ni makasha. Motion JPEG ni namna nguo zilivyokunjwa ndani yake. Neno "umbizo" halitenganishi mambo haya mawili. Faili mbili za AVI zaweza kubeba vitu tofauti kabisa, kompyuta ikafungua moja na kushindwa na ya pili.

Kazi ya kwanza inayoitwa kugeuza ni kubadili herufi za mwisho wa jina la faili. Hapo hakuna kilichogeuka ila jina. Ya pili ni kuhamisha picha na sauti zile zile, bila kuzigusa, hadi kasha jingine kama MKV. Programu ya FFmpeg ina amri ya kufanya hivyo. Ya tatu ni kuzifungua picha na kuzibana upya kwa mbinu nyingine, kama H.264 ya mwaka 2003, ambayo kwa sehemu kubwa huhifadhi tofauti baina ya picha na picha badala ya kila picha kamili. Faili hupungua mno, lakini kwa kawaida sehemu ya taarifa hutupwa, nayo hairudi. Mfasiri ataelewa upesi: kutoa barua katika bahasha moja na kuitia katika nyingine si kuitafsiri, na tafsiri ya tafsiri ni jambo jingine tena.

Karani wa masjala, au mwalimu mwenye masimulizi ya wazee aliyoyarekodi miaka 20 iliyopita, akiagizwa "geuza kisha futa faili za zamani", hana njia ya kujua kama anafuta bahasha au anafuta barua. Agizo hilo lingeandikwa na mtu mwenye istilahi timamu, lisingeweza kuandikwa hivyo.

Kwa kazi ya pili napendekeza "kubadili kasha". Wapo wanaopenda "kupakia upya", lakini kupakia kumekwisha kushika maana ya kupeleka faili kwenye mtandao, na kulirudisha nyuma neno lililokwisha kuenea ni kazi bure. Kwa kazi ya tatu ifaayo ni "kusimba upya". Najua wapo wanaocheka kwamba wanamwona mnyama. Hata hivyo jozi ya simba na simbua inafuata njia ile ile ya fumba na fumbua, kunja na kunjua, na mwanafunzi huikisia maana bila kamusi. Tahadhari moja: usimbaji hutumika pia kwa kuficha ujumbe, na hapo ni heri kuendelea kusema "usimbaji fiche" kwa ukamilifu wake.

"Umbizo" libaki, kwa maana ya jumla tu, na kila linapotumika katika agizo la kazi lifuatwe na jina la kasha na la mbinu ya usimbaji: "AVI yenye Motion JPEG". Kuhusu "kodeki" sina ugomvi. Hata huko lilikotoka ni neno lililoungwa kwa vipande vya maneno mawili, na limekwisha kukubali silabi zetu.