Nilijua Tu

Hakuna anayesikiliza mchezo wa redio akiwa kimya. Kama unabisha, kaa na wanawake wanaoshona makuti chini ya mwembe, iwe Matsangoni au Marafa, redio ikiwa imetundikwa kwenye tawi. Mikono iko kazini, masikio yako kwa redio, na midomo haitulii. "Na huyu nae! Ati bado anamuamini yule mwanamume?" "Ningekuwa ni mimi, nguo zake angezikuta nje." Nusu saa ikiisha mtangazaji anaaga, lakini mchezo ndio kwanza unanoga. Utaendelea kwenye foleni ya maji, ndani ya matatu ya Malindi kwenda Kilifi, na jioni mangweni mboko za mnazi zikizunguka. Siku hizi unaendelea hata WhatsApp, kwa zile jumbe za sauti za dakika nne ambazo shangazi hutuma bila huruma.

Maongezi haya tumezoea kuyaita umbea, tukayaacha hapo. Mimi nayaona kuwa nusu ya pili ya kazi yenyewe. Mwandishi anaandika nusu, wasikilizaji wanaimalizia wakibishana. Kwa hivyo ukitaka kuupima mchezo wa redio, usiishie kuuliza kama waigizaji walikuwa wazuri. Uliza pia umewazoesha watu kubishana vipi. Na hapo ndipo nina kesi na michezo yetu, hata ile ninayoipenda.

Tuchukue Twende na Wakati, manake ndio mchezo uliochunguzwa kuliko mwingine wowote wa Kiswahili. Radio Tanzania ilianza kuurusha Julai 1993, vipindi viwili kwa wiki. Aliyeteka watu ni Mkwaju, dereva wa lori, mpenda pombe na wanawake wa njiani. Mkewe, Tunu, anachoka kumngoja, anaanzisha biashara yake ndogo na kusimama kwa miguu yake. Pembeni wako Fundi Mitindo na Mama Waridi, wanaopanga uzazi na kusikilizana ndani ya nyumba. Mwishowe Mkwaju anapata UKIMWI na kufa.

Hebu tazama hayo majina. Tunu ni zawadi ya thamani. Waridi ni ua. Mkwaju ni mti wa tunda chachu, na pia ni fimbo ya kuchapia. Kabla mtu hajafungua mdomo ushajua nani wa kupendwa na nani wa kuchapwa. Hilo si bahati mbaya. Mbinu yenyewe ilitungwa Mexico miaka ya 1970 na Miguel Sabido, mtayarishaji wa tamthilia za televisheni. Kanuni yake ni kuwa na wahusika wa aina tatu: mwema wa kuigwa, mbaya wa kukimbiwa, na wa katikati anayeyumba hadi achague njia. Kenya tuliipokea mapema; Ushikwapo Shikamana ilisikika Sauti ya Kenya mwaka 1987. Miaka ya 1990 KBC ikarusha Tembea na Majira ya kampuni ya Mediae, mchezo wa kijijini uliobeba ndani yake mambo ya shamba, mifugo na afya. Walioutengeneza ndio baadaye waliotuletea Makutano Junction kwenye televisheni.

Na mbinu ilifanya kazi, tusiwe wachoyo wa sifa. Watafiti waliiacha Dodoma bila Twende na Wakati kuanzia 1993 hadi 1995 ili wapate pa kulinganishia. Kulikosikika mchezo, upangaji uzazi uliongezeka kuliko Dodoma, na wasikilizaji walieleza kuwa wamepunguza wapenzi na kuongeza matumizi ya kondomu. Wakati ule UKIMWI ulikuwa unazika watu kila wiki. Nani atadharau mchezo ulioacha watu hai?

Lakini angalia msikilizaji alikuwa akifanya nini muda wote ule. Alikuwa hakimu aliyepewa ushahidi wote. Alimsikia Mkwaju akiwa na hawara, kisha akamsikia Tunu nyumbani. Alijua yote. Na kila wiki mchezo ulimpa haki: uliyemshuku ndiye, na uliyempenda anastahili. Mkwaju alipokufa, hukumu iliyopitishwa chini ya miembe toka kipindi cha kwanza ilithibitishwa kwa jeneza. "Nilijua tu!" Hiyo ndiyo raha kubwa ya mchezo wa aina hii, na mimi pia naijua utamu wake.

Tabia hiyo tulikuwa nayo hata kabla mbinu ya Sabido haijafika. Je, Huu ni Ungwana? ya Leonard Mambo Mbotela ilianza 1966, na jina lake ni swali. Kipindi kizuri mno. Wazazi wetu wameishi nacho. Ila ukifikiria vizuri, Mambo alipofika kwenye lile swali hakuna aliyekuwa bado na shaka. Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Redio yetu imetulea tukiulizwa maswali ambayo majibu tunayo.

Sisi watu wa Pwani tumeongezea letu. Mhusika wa redio kwetu ni kama leso. Mwenye neno na jirani hamwambii usoni; anavaa leso yenye jina lake, anapita mbele ya mlango wake polepole, basi ujumbe umefika. Pale chini ya mwembe ni vilevile. Mtu akimtukana Mkwaju kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, jua mume wa mtu fulani hayuko mbali. Na bi arusi mgeni, ambaye hawezi kumjibu mama mkwe wake, anaweza kusema kuhusu mke wa redioni maneno ambayo hawezi kuyasema kuhusu nafsi yake. Wenzake wanaelewa. Hakuna anayeuliza zaidi. Umbea wa namna hii una huruma ndani yake, na ningesikitika ukipotea.

Shida ni kuwa mdomo huohuo una kazi nyingine.

Kilifi tunajua maana ya kuwa na mvi. Wazee wanatuhumiwa uchawi, wanafukuzwa kwao, wengine wanakatwa mapanga usiku. Nyuma ya tuhuma nyingi ukichimba unakuta shamba: nani arithi, nani auze, nani anachelewa kufa. Ganze, pale Kaya Godoma, kuna mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia hukumu kama hizo. Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1925, lakini hukumu ya mzee haiandikwi mahakamani. Inaanza kwa stori.

Na hebu sikiliza stori yenyewe inavyokwenda. Mtoto kaugua ghafla. Ng'ombe kafa. Nani alionekana akipita magharibi? Yule mzee mbona hakulia mazikoni? Macho yake mbona mekundu? Kila jioni kuna kipindi kipya. Mbaya ashapewa jina lake mapema, kama Mkwaju, na wasikilizaji wanajua lazima itaishia wapi. Siku akiuawa, yuko atakayesema, kwa sauti ya chini, kuwa alijua tu.

Sisemi redio ndiyo iliyoleta mauaji haya. Tuhuma za uchawi zina umri mkubwa kuliko redio yoyote. Ninachosema ni kuwa mchezo wa redio ndio mahali pekee ambapo kijiji kizima hukaa kikamjadili mtu bila mtu huyo kuumia. Ni uwanja wa mazoezi. Na miaka yote hii tumefanya zoezi moja tu, la kuwa na hakika. Zoezi la kusita hatujapewa.

Kuna mchezo mmoja wa mbali uliojaribu. The Archers ya BBC ilianza kusikika Uingereza nzima Januari 1951, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafundisha wakulima kuongeza chakula baada ya vita. Kwa hivyo ni ndugu kabisa wa Tembea na Majira: kijiji cha kubuni, Ambridge, na somo lililofichwa ndani ya stori. Hadi leo unaendelea. Miaka michache iliyopita mashabiki wake hawakuwa na mada nyingine ila Helen na mumewe Rob Titchener. Rob hakuwa akimpiga mbele za watu. Alimtenga na rafiki zake, akamchagulia nguo, akamfanya ajione hana akili timamu, yote kwa sauti laini. Kijiji kilimuona Rob kuwa mume wa kupigiwa mfano, na Helen ndiye mwenye matatizo. Hata watu wake mwenyewe walichelewa kuona.

Aprili 2016 Helen alimchoma Rob kisu. Septemba ikaja kesi, na kipindi kizima cha saa moja kikarekodiwa ndani ya chumba cha wazee wa baraza: watu kumi na wawili wasiomjua Helen, wakibishana juu ya maisha yake. Waliishia kumwachilia. Kabla ya hapo wasikilizaji walikuwa wamechanga zaidi ya pauni 100,000 kwa shirika la Refuge, linalosaidia wanawake wanaoteswa majumbani. Mhusika ambaye hayupo aliwatoa watu pesa halisi.

Kinachonivutia pale si pesa. Ni kuwa mkosaji hakuwa Rob peke yake. Kijiji nacho kilikosea. Msikilizaji alisikia "kila mtu anasema," na wakati huohuo alikuwa nyuma ya mlango akisikia kuwa kila mtu amedanganyika. Ukitoka kwenye mchezo kama huo, siku jirani akikuambia "kijiji kizima kinamjua yule," kuna kitu ndani yako kitasita.

Hata hivyo, The Archers nao ulimwachia msikilizaji raha ya kuwa upande wa haki. Mimi nataka mchezo wa Kilifi uende hatua moja mbele. Fikiria mzee mmoja, mkali, bahili, hatoi mchango wa mazishi, na usiku anaonekana akitembea peke yake. Wiki nane za kwanza tunamsikia kupitia majirani tu. Mwandishi asitupe hila yoyote ya uongo. Kila jambo tunaloambiwa limetokea kweli. Chini ya mwembe tutasema, huyu ana jambo. Wiki ya tisa kipaza sauti kinahamia ndani ya nyumba yake. Kumbe usiku anazunguka kwa sababu mbuzi wake wanaibiwa. Kumbe ile pesa ya mchango aliitoa, ikaishia mfukoni mwa mwanawe. Kumbe mwanawe huyo ashaanza kuongea na mnunuzi kuhusu ule upande wa shamba unaotazama barabara. Ushahidi wetu wote ulikuwa sahihi, na hukumu yetu yote ilikuwa mbovu.

Redio inaliweza hili kuliko televisheni. Kamera ingekuonyesha mvi na macho mekundu, ukamaliza kazi. Redio haina uso wa kukupa. Ina sauti tu, na kila sauti unaisikia kupitia sikio la mtu fulani. Kubadilisha hilo sikio ni kazi ya sekunde mbili, na ndio silaha kubwa aliyo nayo mwandishi wa redio.

Halafu kuna suala la mzee mwenyewe anaongeaje. Kwenye vichekesho vya Nairobi tumezoea mzee wa Pwani wa kuchekwa: lafudhi ya kuvuta, hirizi kiunoni, uvivu wa kurithi. Sauti uliyoizoea kwa kicheko huwezi kuililia. Huyu wetu aongee Kigiriama na mkewe, aongee Kiswahili cha Kilifi anapokwenda dukani, na chifu akija anyamaze, kama wazee wetu wanavyonyamaza.

Najua waelimishaji watasema nini: ujumbe usiokuwa wazi ni hatari. Kwa UKIMWI wa 1993, nakubali. Ilibidi watu waambiwe kondomu ni nini na kifo kinaingilia wapi. Lakini hakuna mtu Kilifi asiyejua kuwa kuua mzee ni dhambi na ni jinai. Ukimpa somo hilo unampa anachokijua. Wanaoshika panga hawajakosa habari. Wamejaa uhakika, na uhakika huo walipewa na sisi tuliokuwa tukipiga stori.

Kwa hivyo kwenu mnaoandika, iwe ni Pwani FM itakayowarusha au podkasti mnayorekodi chumbani Mtwapa na simu ndani ya mto ili mwangwi usiingie: tupeni mhusika tutakayemkosea. Msituonye mapema. Mwacheni jirani yake mwema, mcheshi, tunayempenda wote, ndiye aseme neno la kwanza juu yake, kipindi cha kwanza kabisa, akiwa anachambua mchicha na hana nia yoyote mbaya. Sisi wengine tutalipokea na kulisambaza. Kazi hiyo tunaiweza.